Kisanduku, Kikapu na Bati: Chombo cha Sadaka kama Matini

1.0 Utangulizi

Katika makanisa mengi ya mashambani nchini Kenya, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka. Waumini wasiokuwa na fedha huleta walicho nacho: mayai, kuku, viazi, mkungu wa ndizi. Vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa ili vigeuzwe fedha. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuhudhuria mnada wa aina hiyo huko Ronge, katika vilima vya Taita, eneobunge la Mwatate, siku ya harambee ya kuezeka jengo. Mama mmoja mzee alileta mkungu wa ndizi, akauweka chini karibu na kikapu cha sadaka, kisha akaenda kuketi nyuma. Mkungu ule ulinunuliwa na mgeni wa heshima, naye akaurudisha unadiwe tena. Ukanunuliwa na mgeni wa pili, naye pia akaurudisha. Mpaka mnada unafungwa, mkungu mmoja ulikuwa umeuzwa mara tatu. Kila mara jina la mnunuzi lilitajwa kwa kipaza sauti na kupigiwa makofi. Jina la mama yule halikutajwa hata mara moja.

Ni nani aliyetoa siku ile? Makala haya yanadai kwamba swali hili ni la kihakiki kabla ya kuwa la kimaadili. Utoaji ni tendo lenye fani. Una jukwaa, wahusika, hadhira, msamiati na, zaidi ya yote, una chombo. Umbo la chombo hicho ndilo linaloamua nani ataonekana, nani atatajwa na nani atanyamazishwa. Ili kuitetea hoja hii tutalinganisha vyombo vitatu: kisanduku cha sadaka cha Wayahudi, ambacho wasanii wa zama hizi wamekisanifu upya, kikapu cha mkonge kinachozungushwa Ronge, na bati la vikundi vya akina mama wa Kenya, ambalo msanii Naomi Wanjiku Gakunga ameligeuza sanaa ya maonyesho.

Huenda msomaji akauliza haya yanahusu vipi fasihi. Jibu letu ni kwamba wataalamu wa fasihi simulizi walikwisha kutufundisha kuwa matini si maneno pekee, bali ni maneno pamoja na utendaji, mahali na vifaa vyake. Mhakiki anayekubali kuisoma leso kwa jina lake na kwa mkono ulioitoa hana sababu ya kukataa kukisoma kikapu.

2.0 Neno na Mzizi Wake

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimelipokea neno sadaka kutoka Kiarabu. Kiebrania kina neno ndugu, tzedakah, na maneno haya mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kisemiti. Hata hivyo, ndugu hawa hawakukua kwa tabia moja. Katika Kiebrania mzizi huo unabeba maana ya haki na uadilifu, hivyo kwamba anayempa maskini hamfanyii hisani, bali anamtimizia haki yake. Katika Kiarabu mzizi huo unaelemea kwenye ukweli na kusadiki. Kiswahili kilirithi tawi hili la pili, ndiyo maana sadaka, sadiki na sadikika ni maneno ya ukoo mmoja katika lugha yetu.

Hapa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana budi kuikumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Kwa kawaida riwaya hii husomwa kama istiari ya utawala wa kikoloni na kama utetezi wa uhuru wa mawazo. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaliacha jambo moja pembeni, nalo ni majina. Mshtakiwa anaitwa Karama. Miongoni mwa wajumbe ambao habari zao anazisimulia mbele ya baraza wamo Fadhili, Auni, Kabuli na Ridhaa. Haya ni maneno ya utoaji: karama ni kipaji na ukarimu, fadhili ni wema, auni ni msaada, kabuli ni kukubali, ridhaa ni kutoa au kupokea bila kulazimishwa. Wajumbe hao wametumwa nchi za mbali na kurejea na mambo ya kuifaa nchi yao, nayo nchi ikawalipa kwa kifungo. Kwa usomaji huu, Kusadikika ni kisa cha zawadi zilizokataliwa. Fadhili na Auni wamo gerezani kwa sababu nchi ina watoaji lakini haina sheria ya kuwalinda, na kosa la Karama ni kutaka somo la sheria lifundishwe. Shaaban Robert anaonekana kutuambia kwamba fadhili isiyosimamiwa na haki huishia kifungoni. Kwa njia hii riwaya inairudisha ile maana ya haki ambayo neno sadaka lilikuwa limeiacha njiani.

Methali zetu nazo zinastahili kuulizwa swali hilohilo. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" ni methali inayopendwa sana katika harambee. Humwinua mtoaji mdogo, na hilo ni jema. Lakini kipimo chake chote kimo ndani ya mtoaji, na juu ya anayepokea haisemi neno. "Tenda wema nenda zako" inakwenda hatua moja mbele, kwa kuwa inamwondoa mtoaji jukwaani. "Haba na haba hujaza kibaba" inamsahau mtoaji na mpokeaji kwa pamoja na kukitazama chombo. Ni njia hii ya tatu ambayo makala haya yanaifuata.

3.0 Kisanduku: Ngazi Nane na Tundu Moja

Mila ya Kiyahudi si ngeni kabisa katika eneo letu. Jiji la Nairobi lina sinagogi, na karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Aidha, mwanazuoni aliyeipanga mila hiyo ya utoaji kwa utaratibu unaojulikana zaidi aliishi Misri. Huyu ni Musa bin Maimun, ajulikanaye pia kama Maimonides, aliyefariki mwaka 1204. Katika kitabu chake kikuu cha sheria, Mishneh Torah, aliupanga utoaji katika ngazi nane.

Katika ngazi ya chini kabisa yupo anayetoa kwa kinyongo. Juu yake yupo anayetoa kidogo kuliko impasavyo, ila kwa uso mkunjufu. Kisha anafuata anayetoa baada ya kuombwa, na juu yake anayetoa kabla ya kuombwa. Kutoka hapo ngazi zinaacha kupima moyo wa mtoaji na kuanza kupima nani anamwona nani. Katika ngazi ya tano toka chini, mpokeaji anamjua mtoaji lakini mtoaji hamjui mpokeaji. Mfano unaotolewa ni wa wazee wa hekima waliofunga fedha katika nguo zao na kuzitupa nyuma ya mgongo, ili maskini wazichukue bila kutazamwa usoni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye amemwona bibi yake akifungua pindo la leso ili atoe sarafu, atauelewa mfano huu bila mkalimani. Katika ngazi ya sita mtoaji anamjua mpokeaji, lakini mpokeaji hamjui mtoaji. Katika ya saba hakuna anayemjua mwenzake. Ngazi ya nane, iliyo ya juu kuliko zote, ni kumshika mtu mkono kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, ili asifikie hali ya kuomba.

Wayahudi wa kale walikuwa pia na mfuko wa jumuiya ulioitwa kuppah, neno ambalo asili yake ni kikapu. Ufanano wa sauti kati ya neno hilo na kapu la Kiswahili unavutia, ila hatuujengei hoja yoyote. Kinachotuhusu ni kanuni yake: mfuko huo ulikusanywa na watu wasiopungua wawili, na ukagawanywa na watatu. Kwa hiyo siri iliyomlinda mpokeaji haikuachwa iwe maficho ya mwizi.

Kisanduku chenye tundu juu yake ni mrithi wa fikra hizi. Tayari katika Kitabu cha Pili cha Wafalme tunasoma habari za kuhani Yehoyada aliyetoboa kifuniko cha kasha na kuliweka karibu na madhabahu. Tundu hili dogo ndiyo fani yote ya kisanduku. Linapokea lakini halionyeshi. Sarafu ya tajiri na ya fukara hulia mlio ule ule zinapoanguka, na mkono unaotoka mtupu haujulikani ulitia nini.

Mwaka 1999 Makumbusho ya Kiyahudi ya San Francisco, Marekani, yaliwaalika wasanii mia moja wakifasiri upya kisanduku hicho. Maonyesho hayo yaliitwa Making Change, jina linalochezea neno la Kiingereza lenye maana mbili kwa pamoja, yaani chenji na mageuzi. Mchezo huu wa maneno unabeba dai zito: kwamba sarafu ndogo na mabadiliko ya jamii ni jambo moja. Wazo la mradi wenyewe lilikuwa la kishairi kwa maana halisi. Washairi wa arudhi hupewa bahari moja, vina na mizani, kisha kila mmoja akatafuta sauti yake ndani ya mipaka hiyo. Wasanii hawa walipewa kisanduku na tundu.

Hata hivyo, mhakiki hawezi kuacha kuuliza: kisanduku kikishatiwa katika kabati la kioo, nani atatia sarafu? Kifaa kilichotengwa na matumizi yake hupata uzuri mpya, ila hupoteza utendaji wake. Hatari hii tunaifahamu vizuri katika fasihi simulizi, ambako wimbo wa kuvuna ukishachapwa kitabuni huwa hauvuni tena. Hatusemi kwamba maonyesho ya aina hii hayana maana. Tunasema kwamba faida yake kubwa si kisanduku kipya, bali ni kutufanya tukitazame upya kile cha zamani kilichoko nyumbani. Sasa turejee Ronge na kikapu chake.

4.0 Kikapu: Mdomo Wazi na Jukwaa la Harambee

Kikapu kinachozungushwa katika ibada huko Taita kwa kawaida ni kazi ya mikono ya wanawake, na nyuzi zake ni za mkonge. Mmea huu uliletwa Afrika Mashariki na Wajerumani mwaka 1893, na hadi leo tambarare za Mwatate zilizo chini ya vilima zina shamba kubwa la mkonge. Kwa hiyo nyuzi zile zile zilizokuwa jasho la kibarua shambani ndizo zinazokuwa kifaa cha ibada kanisani. Kikapu kinaingia kanisani na historia hiyo, hata kama hakuna anayeitamka.

Tofauti na kisanduku, kikapu kina mdomo wazi. Anayetia noti huonekana, na anayetia sarafu huinamisha mkono hadi ndani ili isilie. Kila muumini aliyekulia katika desturi hii anaijua ishara hiyo ya mkono uliokunjwa ngumi, ambayo ni jitihada ya kukigeuza kikapu kuwa kisanduku kwa muda wa sekunde moja. Aibu ya maskini, kwa maneno mengine, imevumbua tundu pale ambapo fundi hakuliweka.

Harambee imeukuza mdomo huo wazi ukawa jukwaa. Neno hili, lililokuwa wito wa watu wanaovuta au kuinua kwa pamoja, lilifanywa na Jomo Kenyatta wito wa taifa mwaka 1963, na limeandikwa katika nembo ya Kenya. Katika wito wa kazi, sauti moja hutangulia na nyingine zote huitika, na uzito huinuliwa na wote kwa wakati mmoja. Katika mnada tuliousimulia, fani imepinduliwa. Sauti moja inataja majina machache na hadhira inaitika kwa makofi. Waliokuwa watendaji wamekuwa watazamaji. Tamthilia ya Said A. Mohamed, Amezidi (1995), imeidhihaki tabia ya tabaka tawala kuishi kwa kutegemea misaada. Harambee ya mgeni wa heshima ni upande wa pili wa sarafu hiyo, kwa kuwa humfundisha mwananchi kuipokea haki yake kama msaada.

Ni kwa mintarafu hii tunapaswa kuyasoma matukio ya mwaka 2024. Mwezi Julai, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza marufuku ya maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo, baada ya rais mwenyewe kutoa shilingi milioni 2.6 katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliikataa michango hiyo na kuagiza irudishwe. Kisiasa jambo hili limejadiliwa vya kutosha. Kifasihi, kilichotokea ni kwamba mpokeaji alipata mstari wa kusema. Katika mchezo wa harambee mpokeaji hana maneno ila asante. Kukataa ndiko kulikomfanya mhusika kamili.

Hata hivyo, tusikimbilie kuhitimisha kwamba kisanduku ni kizuri na kikapu ni kibaya. Siri humsitiri maskini, lakini humsitiri bahili pia. Uwazi wa harambee umejenga shule na zahanati nyingi kwa sababu jirani alimwona jirani akitoa, naye akaona haya kubaki nyuma. Vilevile chombo kipya kinachovishinda vyote viwili kwa wepesi, simu ya mkononi, hakijalitatua swali hili. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, mchango unaweza kutumwa pasipo mkono wowote kuonekana. Lakini tazama kinachofanyika katika vikundi vya WhatsApp vya harusi na matanga: kila anayetuma, orodha ya majina na viwango huandikwa upya na kutumwa kwa wote. Orodha hiyo ni utanzu mpya wenye kaida zake. Aliyetoa zaidi mara nyingi hupanda juu, na asiyetoa husomeka kwa kutokuwepo kwake. Chombo kimebadilika, jukwaa limebaki.

Kwa hiyo kuficha au kuonyesha si kiini cha jambo. Kiini ni kama aliye mpokeaji leo anaweza kuwa mtoaji kesho.

5.0 Bati: Utoaji kwa Zamu

Chombo cha tatu kinalijibu swali hili vizuri zaidi. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Kenya ya kati waliunda vikundi vilivyokuja kujulikana kwa jina la mabati. Walichanga fedha kidogo kidogo, na kwa zamu wakamnunulia kila mwanachama mabati ya kuezekea nyumba yake, nyasi zikaondoka. Kazi hiyo iliandamana na nyimbo. Hapa majina yalitajwa, na kila mtu alimjua mwenzake. Kwa kipimo cha ngazi za Maimonides, utoaji huu ungeonekana kuwa wa chini kwa kuwa haukuwa na siri. Lakini kwa hakika unagusa ngazi ya nane, kwani ni ubia. Aliyeimbiwa leo ndiye mwimbaji wa kesho. "Leo kwangu, kesho kwako" husemwa aghalabu juu ya misiba. Akina mama hawa waliigeuza kuwa kanuni ya neema.

Naomi Wanjiku Gakunga, msanii aliyezaliwa Kenya na anayefanya kazi zake Marekani, ameyachukua mabati hayo kama malighafi ya sanaa. Huyaacha yanyeshewe hadi kutu iyapake rangi, kisha huyakata na kuyaunganisha. Pia hufuma nyaya za chuma kwa mbinu inayotokana na ufumaji wa kiondo. Maonyesho yake ya mwaka 2013 katika October Gallery, London, yaliitwa Ituĩka, neno la Kikikuyu linalotaja desturi ya rika moja kulikabidhi rika jingine madaraka. Jina hili si pambo. Ni lile wazo la zamu, lililohamishwa kutoka paa la nyumba hadi ukuta wa maonyesho.

Tukiulinganisha usanii huu na ule wa visanduku, tunaona tofauti yenye maana. Msanii wa kisanduku hubuni chombo kabla ya tendo la kutoa: sarafu bado inangojewa. Gakunga anafanya kazi na chombo baada ya tendo, kwa vile bati ni zawadi iliyokwisha kutolewa, ikatumika na kuzeeka. Kutu ni maandishi ya muda juu ya wema. Kwa sababu hiyo kazi yake haipungukiwi sana ikitundikwa ukutani kama kinavyopungukiwa kisanduku kabatini. Haijidai kupokea mchango. Inakumbuka mchango uliopokelewa. Pale kisanduku kinapomwuliza mtazamaji atatoa nini, bati linamwuliza ni nani waliomwezekea yeye nyumba. Swali la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yetu ni la haki zaidi, kwa kuwa linamfanya kila mtoaji ajikute kuwa mpokeaji.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba chombo cha sadaka ni matini inayosomeka, na kwamba umbo lake huamua kama utoaji utakuwa haki au hisani. Kisanduku hufundisha staha. Kikapu hufundisha uwazi. Bati hufundisha zamu. Wasanii wa San Francisco na Gakunga wanatukumbusha kwamba maumbo haya hayakushuka kutoka mbinguni. Yalibuniwa na watu, na watu wanaweza kuyabuni upya. Shaaban Robert, kwa upande wake, alikwisha kutuonya kwamba nchi yenye Fadhili na Auni bila sheria ni gereza lao.

Kazi inayobaki ni ya utafiti wa nyanjani. Nyimbo za harambee, matangazo ya wanadi, orodha za simu na majina ambayo wafumaji wa Taita wanayapa mapambo ya vikapu vyao bado hayajapata uhakiki unaostahili. Wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu juu ya fasihi simulizi wangefanya vyema kuanzia hapo, na kuanza na wale wanaoketi nyuma.

Siku ile huko Ronge, baada ya mnunuzi wa tatu kuondoka na mkungu wa ndizi garini mwake, yule mama mzee alikwenda kukichukua kikapu kilichokuwa kimemiminwa fedha zote juu ya meza. Akakikung'uta vumbi na kukipachika kwapani, akashika njia ya kwenda nyumbani. Ndipo tulipofahamu kuwa kikapu nacho kilikuwa chake.